Kamasi za kijani

Kamasi zangu zimegeuka kijani leo asubuhi. Mama, aliyeshuka na Hiace kutoka Kibosho baada ya kuisikia sauti yangu kwenye simu, alikitupia jicho kitambaa nilichopengea, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, haya si mafua tena. Kifuani kumeshaingia uchafu. Nenda kachukue zile za rangi mbili."

Za rangi mbili ni zile kapsuli za antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, ambazo kila nyumba hapa Moshi inazijua. Kuna maduka unauziwa nne tu, bila cheti wala swali, unameza na maji ya chupa hapo hapo dirishani. Nikamwambia, "Mama, rangi hii si ya mdudu. Ni yangu mwenyewe." Akaguna ile guno ya kumwachia Mungu, akaenda jikoni kumenya ndizi.

Nina ED, ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, kichwa kinagonga, na Julai ya mwaka huu haina huruma, mlima haujaonekana tangu nianze kuumwa. Sina la kufanya ila kuandika kile ambacho Mama hakuwa na muda wa kusikiliza.

Kijani kile kinatoka kwenye nyutrofili, seli nyeupe za kinga zilizo nyingi kuliko nyingine zote katika damu ya mtu mzima. Ndani yake zimebeba kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi, chenye madini ya chuma, na rangi yake kwa asili ni kijani. Kazi yake ni kutengeneza kemikali ile ile inayoifanya jiki iue vijidudu. Nyutrofili zikimiminika puani kwa wingi, zikafia humo, na kamasi zikalala usiku kucha bila kupengwa, asubuhi rangi imekolea. Zinakuja kwa ajili ya bakteria, zinakuja kwa ajili ya virusi pia. Kwa kutazama kitambaa tu huwezi kujua zimeitwa na nani.

Kazini kwangu maabara nyutrofili hazina hadhi yoyote. Tunatafuta malaria. Kwenye tone nene la damu lililopakwa rangi ya Giemsa tunahesabu vimelea mpaka tufikishe seli nyeupe 200, kisha tunapiga hesabu tukichukulia kwamba mtu ana seli nyeupe 8,000 kwa kila mikrolita moja ya damu. Basi, seli nyeupe zinatumika kupimia tu, hakuna anayezitazama. Lakini ukiwa na slaidi nzuri ya tone jembamba, ukaweka mafuta na lenzi ya 100, simama kidogo juu ya nyutrofili moja. Kiini chake cha zambarau kimegawanyika vipande vitatu, vinne, hata vitano, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba sana. Umbo hilo linaisaidia kujibana na kupenya kwenye kuta za mishipa ya damu kuelekea kwenye tatizo. Uboho unazalisha takriban bilioni 100 za namna hiyo kila siku, na nyingi haziishi zaidi ya siku chache.

Ila nyutrofili huja baadaye kidogo. Mwanzo kabisa hakuna seli nyeupe inayojua lolote. Kirusi cha influenza, yaani cha mafua makali, kinaingia kwenye seli za kawaida zinazotandaza ngozi laini ya pua na koo, na ndani ya saa chache kila seli iliyotekwa inatoa maelfu ya virusi vipya. Hiyo seli ya kawaida, ambayo wala si ya kinga, ndiyo inayogundua kwanza. Ndani yake kuna protini inayoitwa RIG-I inayonusa RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, yenye alama ambazo RNA zetu hazina. Ikishanusa, seli inaanza kumwaga nje interferoni, protini za kutoa onyo. Ni kama mtu anayepiga yowe usiku wakati mlango wake umeshavunjwa: yeye pengine hasaidiki tena, lakini majirani wanawahi kukomea. Seli za jirani zikipokea interferoni zinawasha mamia ya jeni, zinapunguza utengenezaji wa protini, zinakatakata RNA ya kigeni. Kirusi kikifika kinakuta jiko limezimwa.

Hili lilijulikana kwa mayai ya kuku. Mwaka 1957, London, Alick Isaacs na mwenzake Mswisi, Jean Lindenmann, walichukua vipande vya utando wa yai lenye kifaranga wakaviweka pamoja na virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto. Kisha wakachukua yale majimaji peke yake, wakayaweka kwenye vipande vipya, halafu wakaleta virusi hai. Virusi vikashindwa kuzaliana vizuri. Kitu fulani kilikuwa ndani ya majimaji. Ninapenda sana jaribio hili, kwa sababu halihitaji mashine ya mamilioni. Linahitaji mayai na mtu mwenye subira.

Kirusi nacho si mjinga. Influenza ina protini iitwayo NS1, na kazi yake kubwa ni kuziba yowe hilo. Ndiyo maana siku ya kwanza, ya pili, mtu anatembea sokoni Memorial akichagua nyanya na hajui kwamba ameshaambukizwa, na anaweza kuanza kuambukiza wengine kabla hata hajapiga chafya ya kwanza.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kufika. Zamani, kabla ya vidonge vya sasa, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walitibiwa kwa sindano za interferoni. Baada ya sindano walipata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya misuli na uchovu wa kushindwa kunyanyuka. Mafua matupu, bila kirusi cha mafua hata kimoja. Kwa hiyo mgongo huu unaoniuma tangu juzi, na miguu hii inayokataa ngazi, kirusi hakijafika huko kabisa. Kirusi kiko kwenye njia ya hewa. Haya mengine ni kazi ya mwili wangu wenyewe.

Homa ni hivyo hivyo. Makrofaji, zile seli kubwa zinazokaa kwenye tishu na kumeza takataka, zikigutuka zinatoa saitokaini, protini za kupelekeana habari, na ujumbe unafika kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili. Kupitia kemikali ziitwazo prostaglandini, kiwango kinapandishwa. Wewe uko nyuzi 37, ubongo umeamua iwe 39, basi unajiona una baridi, unatetemeka na blanketi mbili juu yako. Parasetamoli inapunguza prostaglandini hizo; kirusi haikigusi.

Kuna na seli za NK (natural killer, yaani wauaji wa asili), ambazo zingestahili ukurasa wao. Virusi vingi huificha seli iliyotekwa kwa kuondoa vile vitambulisho vya juu yake vinavyoonekana na seli T, zile seli za kinga zinazowinda seli zilizoambukizwa. NK zinafanya kinyume: zikikuta seli isiyo na kitambulisho, zinaitoboa na kuiua kwa hilo hilo. Hayo yote yanaendelea wakati kingamwili mpya, zile protini zinazokinasa kirusi na ambazo watu wengi wanadhani ndiyo kinga yote, bado zinatengenezwa. Kwa kirusi kigeni huchukua kama wiki moja kuwa za maana.

Mama hajakosea moja kwa moja, na hili nilimwambia alipoleta mtori. Influenza ikichubua njia ya hewa na kuzidhoofisha makrofaji za kwenye vifuko vya hewa, bakteria waliokuwa wamejikalia tu puani wanapata nafasi ya kushuka mapafuni. Katika janga la mwaka 1918 wengi waliokufa walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua, na wakati huo hakukuwa na antibiotiki. Lakini dalili ya kutazama ni homa iliyokuwa imeshuka kisha ikarudi, pumzi kukimbia, kifua kuchoma unapovuta hewa. Hapo ni kwenda hospitali, upimwe. Si kapsuli nne za dirishani.

Jioni ameniwekea nyungu ya mikaratusi na mchaichai. Nimeingia chini ya shuka bila ubishi. Mvuke hauui kirusi, ila pua imefunguka na nimepumua kama mtu. Ningekuwa na mtoto mdogo ndani nisingeruhusu ile sufuria ya maji ya moto chumbani.

Ninayemhofia sasa ni yeye. Ana zaidi ya miaka 70, na kwa wazee kengele hizi za mwanzo hulia polepole na kwa udhaifu, kisha uvimbe ukianza unachelewa kuzima. Mwaka 2020 watafiti waligundua kwamba kati ya wagonjwa mahututi wa Uviko, angalau mmoja katika kila kumi alikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni za mwili wake mwenyewe. Wengi wao walikuwa wanaume, na tatizo hilo huonekana zaidi kwa watu wa umri mkubwa.

Nimemwambia arudi Kibosho kesho asubuhi. Amesema hawezi kumwacha mgonjwa. Nimefungua madirisha yote, amefunga mawili kwa sababu ya baridi. Nimempa barakoa, ameivaa vizuri kabisa, kidevuni.