Sauti Zimenyamaza, Lakini Masomo Hayaingii

Swali ambalo familia huniuliza zaidi katika kazi yangu ya saikolojia tiba halihusu sauti ambazo kijana wao alikuwa akizisikia, wala ile hofu yake kwamba majirani wanamfuatilia, kwa kuwa mambo hayo kwa kawaida hupungua dawa zinapoanza kufanya kazi. Swali huja miezi michache baadaye, nyumba ikiwa imetulia: mbona amepona, lakini amezubaa? Wengine husema amekuwa mvivu. Kijana mwenyewe, akipata nafasi ya kuzungumza bila mama au kaka kumjibia, husema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Nasoma, lakini haviingii."

Hali hii ya uwezo wa kufikiri kudhoofika haikugunduliwa jana. Mwishoni mwa karne ya 19, Emil Kraepelin wa Ujerumani aliupa ugonjwa ambao leo tunauita skizofrenia jina lililotokana moja kwa moja na kudhoofika kwa akili katika umri mdogo, ingawa kwa muda mrefu baadaye matibabu yalielekezwa zaidi kwenye sauti na dhana potofu. Wala si kweli kwamba tatizo lote huletwa na dawa, kama wazazi wengi wanavyoamini. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na wale waliopata skizofrenia ukubwani walikuwa tayari, kwa wastani, na alama za chini kuliko wenzao katika vipimo vya akili walivyopewa wakiwa watoto. Kwa hiyo, kijana anapokuja kwetu akiwa na saikosisi ya mara ya kwanza, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo, sehemu ya uzito huo huenda alikuwa nao kabla hajasikia sauti hata moja.

Mkusanyiko wa majaribio ya kupima uwezo huo wa kufikiri unaotumika sana katika utafiti unaitwa MATRICS, ulitolewa Marekani, na uchambuzi wake ulichapishwa mwaka 2008. Una majaribio 10 yanayogusa maeneo 7, yakiwemo kasi ya kufikiri, umakini, kumbukumbu ya maneno na uelewa wa hisia, na huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Jaribio ambalo mara nyingi hufichua tatizo kuliko mengine ni jepesi kulitazama: karatasi yenye alama ngeni, kila alama ikiwa na tarakimu yake juu ya ukurasa, na mpimwa hupewa sekunde 90 kujaza tarakimu nyingi kadiri awezavyo. Macho, kumbukumbu, mkono na umakini vinatakiwa kwenda pamoja, na asiyekuwa na kasi huonekana mara moja.

Lakini alama ya chini haina maana mpaka ujue umemlinganisha na nani. Viwango vya awali vya MATRICS vilitokana na watu 300 wenye afya kutoka maeneo 5 ya Marekani, na wastani wao ukapewa alama 50. Nikimpima kijana aliyeishia darasa la saba, ambaye kalamu ameishika mara chache tangu hapo, nikamwandikia alama 30, je, nimepima saikosisi au nimepima shule? Uganda wametutangulia katika kulishughulikia swali hili: katika Hospitali ya Butabika, Kampala, watafiti waliwapima wagonjwa wa saikosisi ya mara ya kwanza kwa MATRICS, kisha wakalinganisha matokeo na NeuroScreen, programu ya kifaa cha mkononi iliyobuniwa awali kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU, ili kuona kama kipimo kifupi kinaweza kutosha kwa uchunguzi wa awali.

Lugha nayo ina mambo yake. Tarakimu zetu kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili kila moja, ilhali za Kiingereza karibu zote zina silabi moja, na kumbukumbu ya muda mfupi hubeba maneno kulingana na muda wa kuyatamka. Mtu mwenye afya kamili anaweza kukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza, humuuliza kijana namba za simu huzitaja kwa lugha gani, nami huliandika jibu lake. Vivyo hivyo, ninapomwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, wapo wanaowaacha kuku na papa kwa sababu kwao mnyama ni mwenye miguu minne, na kimya chao si dalili ya ugonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi. Wagonjwa wengi wanaotumia haloperidol, dawa ya kutuliza saikosisi, huongezewa benzhexol ili kuzuia mwili kukakamaa, na dawa hii ya pili hudhoofisha kumbukumbu. Kijana mmoja niliyempima alikuwa akiimeza kila siku bila mtu kuangalia upya kama bado aliihitaji. Nilimwandikia daktari wake, naye akaipunguza taratibu huku akimfuatilia. Baada ya miezi mitatu nilimpima tena, safari hii kwa orodha nyingine ya maneno 12, kwa kuwa ile ya kwanza ingempa alama za mazoea. Kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda waziwazi. Kasi yake kwenye karatasi ya alama ilibaki palepale.

Matokeo hayo mawili ndiyo yaliyoniwezesha kuandika barua kwa chuo chake cha ufundi bila kubahatisha: anaweza kujifunza, apewe maelekezo kwa maandishi, hatua moja baada ya nyingine, na aongezewe muda katika mtihani. Mama yake aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akamgeukia mwanawe na kumwambia, "Baba, mimi nilidhani hutaki."