Kwa nini "tu"?

Jana baada ya isha binti yangu kanifungulia daftari lake la sayansi nimkagulie. Kaandika kwa penseli: "Nadharia ni wazo tu, bado halijathibitishwa. Likithibitishwa linakuwa sheria." Macho yangu yakaganda kwenye lile "tu". Nikamkumbuka babu, na pwani ya Tumbe, kule Pemba.

Nilikuwa kidato cha pili, skuli zimefungwa. Tulikuwa tunashona nyavu, babu akauliza siku hizi tunasomeshwa nini. Nikamwambia mwezi na jua ndivyo vinavyovuta maji ya bahari, "lakini hiyo ni nadharia tu, babu."

Sindano yake ikasimama. "Kwa nini 'tu'?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, nililolinakili bandarini Mkoani. Lilisema Jumamosi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, maji yatapwa hadi mwisho saa 4 na robo asubuhi. Babu akasema twende tukatazame.

Bamvua, yaani maji ya kujaa na kupwa sana, lilikuwa limetoa maji mbali, miamba iko nje, kina mama wameinama wakichokoa pweza. Babu akachomeka kijiti cha mkoko pale pale maji yalipoishia, akachutama. Saa ya mkononi ninayo mimi. Maji yakarudi nyuma kidole kimoja, kisha kingine, kisha yakasimama. Povu likatulia juu ya mchanga, haliji wala haliondoki. Kaa mdogo akapita baina ya mguu wa babu na kijiti. Hatukusemeshana. Mara uzi mwembamba wa povu ukagusa kijiti, ukarudi, ukagusa tena, ukakizunguka.

"Maji yamegeuka," babu akasema. "Saa ngapi?"

"Saa 4 na dakika 22."

"Huyo aliyeandika karatasi yako keshafika Tumbe?"

"Sidhani, babu. Kapiga hesabu za mwezi na jua, kazilinganisha na vipimo vya maji vya bandarini."

Akanyamaza, mkono wake majini. "Mimi miaka yote hii najua lini. Wenzetu wamekwenda kutafuta kwa nini. Usiwaambie 'tu'."

Nikasema haraka kwamba basi sasa imekuwa sheria. Hapo nikakosea tena, na miaka ikapita kabla sijajua. Sheria ya mvutano ya Newton, ya 1687, inakupa kiasi: uzito huu, umbali huu, nguvu hii. Kwa nini vitu vinavutana, Newton mwenyewe hakueleza. Aliyekuja kueleza ni Einstein, kwa nadharia yake ya 1915, nayo ikafumbua hata mwendo wa sayari ya Utaridi, ambao sheria ile ilikuwa haiupati sawasawa. Mpaka leo inaitwa nadharia, na haingoji kupandishwa daraja. Kwa hiyo nikiwasikia watu barazani wakisema "nadharia tu", tena wakati mwingine kwa jambo linalogusa uhai wa mtoto, kama maradhi na vijidudu vyake, roho hainitulii.

Nikachukua ufutio, nikafuta lile "tu". Sentensi iliyobaki bado si sawa, na atakayesahihisha mtihani ni mwalimu wake.

"Baba, basi niandike nini?"

Ufutio bado uko mkononi. Nikamuuliza kama anajua mwezi unaandama lini.