Cheti cha mganga kipo, kituo kikafungwa: jinsi tulivyotatua

Mama ni mganga wa tiba asili aliyesajiliwa, anahudumia wagonjwa Mbagala, Dar es Salaam. Wakaguzi walipopita, wakasema kituo chake hakitambuliki, kifungwe. Cheti kilikuwa ukutani!

Tulipeleka nakala ya cheti, haikusaidia. Barua ya mtaa nayo, vivyo hivyo.

Kilichofungua njia ni kwenda kwa mratibu wa tiba asili wa manispaa. Akakiangalia cheti na kutuonyesha kwamba kinamtaja mama kwa jina, hakitaji mahali. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, na kituo cha kutolea huduma husajiliwa peke yake. Dawa nazo zina usajili wao. Kwa hiyo, ukiwa na cheti kimoja, soma kwanza kimesajili nini.

Tukajaza fomu ya kituo, ikapita kwa mratibu, wakaja kukagua chumba, kisha cheti cha pili kikatoka. Mama amefungua tena, na sasa vyeti vyote viwili viko ukutani, wagonjwa wanavisoma. Haki yake ilistahili kuonekana hivyo.