Miezi minne nikitafuta kidole kimoja kwenye ubongo wa kima

Nianze na kilichoniudhi. Kila niliyemuomba ushauri pale maabara, tunakopiga picha ya ubongo wa kima huku tukimgusa kidole, alikuwa na jibu moja tu, "ongeza dawa ya usingizi, mnyama akitulia na picha itatulia". Watu wazima, wana digrii zao ukutani. Basi nikaongeza. Picha ikatulia kweli, na ubongo nao ukatulia, unagusa kidole cha mnyama nusu saa nzima kwenye skrini hakuna kinachowaka, kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Mi ni daktari wa mifugo, nimesoma Morogoro, nikapata nafasi ya kuendelea Marekani kwenye maabara inayochunguza ubongo unavyopokea mguso. Wanyama wenyewe ni vile vikima vidogo vya Amerika Kusini, mmoja uzito wake unacheza kwenye kilo moja hivi. Mama mpaka leo anawaambia majirani pale Muheza kwamba mwanangu anafuga nyani Marekani. Bibi ndio usiseme, maisha yake yote tumbili wanammalizia mahindi shambani, halafu anasikia mjukuu anawapima joto na kuwafunika blanketi la maji ya moto. Alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama na chai wanapewa.

Sasa kwa nini hao? Kwa sababu ubongo wao juu ni laini, hauna mikunjo mingi. Kwetu sisi binadamu eneo kuu la mguso, lile wanaloliita 3b, limejificha ndani ya mfereji, kumbe kwa hawa wadogo liko juu juu tu, unaweka koili ya kunasa ishara za mashine juu ya kichwa unalisoma. Tabu ni udogo. Kila kidole kina kipande chake pale, upana kama milimita moja hivi, kwa hiyo MRI za hospitali (zile mashine za kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku) za Tesla 1.5 au 3, Tesla ndio kipimo cha nguvu ya sumaku, zitakuonyesha ukungu. Yetu ilikuwa Tesla 9.4, na saa moja yake ni mamia ya dola, sikumbuki ngapi hasa ila nakumbuka ilikuwa inazidi kodi yangu ya wiki kadhaa.

Na watu wengi hawajui kwamba mashine haioni neva, inaona damu. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi inaletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayohitaji, sumaku inasoma hiyo tofauti, jambo ambalo mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990 kwa panya. Tofauti yenyewe ni kiduchu, asilimia moja mbili hivi, na inachelewa sekunde kadhaa baada ya mguso. Sasa isoflureni, hiyo dawa ya usingizi niliyoambiwa niongeze, inapumbaza neva na inatanua mishipa ya damu. Yaani vitu viwili unavyovitegemea unavizima kwa mkono wako mwenyewe halafu unasema mashine mbovu! Nilipoishusha chini ya asilimia moja ya hewa anayovuta mnyama, daktari wa wanyama wa chuo amesimama pembeni yangu na kibali cha kamati ya maadili kiko mezani (bila hao wawili usiguse hata swichi), ndani ya wiki moja ubongo ukaanza kujibu. Chunga na kaboni dioksidi mnyama anayoitoa kwenye pumzi, ikipanda mishipa inatanuka tena hata kama dawa umeiweka sawa. Hilo nililijua kwa kupoteza siku nzima ya kuskani na sitaki kulizungumzia.

Haya, ubongo unajibu, lakini unajibu vibaya. Nataka kidole cha shahada peke yake, nikaanza na brashi ya kupakia rangi niliyoifunga kwenye mpini wa plastiki mrefu, mi niko nyuma ya sumaku nimelala kifudifudi kama fundi bomba, napapasa. Nilipapasa mpaka shingo ikakakamaa. Majibu yakaja, mkono mzima unawaka kama mtaa siku ya mkesha wa Idi! Kumbe brashi ikigusa kidole, kidole kinasogea, na vidole vya jirani vinasogea nacho, halafu kuna eneo 3a hapo hapo mbele linalopokea habari za misuli na viungo, nalo linaingilia. Nikajaribu kupuliza hewa kwa mrija, hewa ikatawanyika kwenye kiganja. Nikajaribu kuvifunga vidole kwa utepe, utepe wenyewe ni mguso. Nikatengeneza kitetemeshi kutoka kwenye spika ya redio mbovu, nikajisikia injinia kweli kweli, mpaka mtu wa mashine akaniuliza kwa upole kama najua ndani ya spika kuna nini. Kuna sumaku. Nilitaka kuingiza sumaku ndani ya sumaku.

Basi Jumamosi moja nimekaa nyumbani nimenuna, mke wangu anabandika kucha za bandia mezani. Nikamkazia macho.

"Baba Nasra, mbona unaniangalia vidole hivyo?"

"Ebu usisogee. Hiyo gundi inashika nyama?"

"Inashika ukucha tu. Usiniambie unawafikiria wale nyani wako."

Nilikuwa nawafikiria. Ukimshika kidole kwa ukucha, upande wa ndani wenye hisia zote unabaki huru! Jumatatu nikanunua gundi, dola tatu nne hivi, nikakata vijiti vya plastiki vya pamba za masikio, daktari akaridhia, tukabandika kijiti kwenye kila ukucha na vijiti tukavichomeka kwenye ule udongo wa kuchezea watoto. Mkono umetulia kiganja juu kama mtu anaomba dua. Chini ya kila kidole hakuna kinachocheza, juu kuna ncha ya plastiki ya milimita 2 inasukumwa na kristali isiyo na sumaku, inayojikunja ikipewa umeme, mara 8 kwa sekunde, sekunde 30 inagusa, sekunde 30 inapumzika.

Na vikaja. Gumba upande wa uso, kinafuata cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho kuelekea katikati ya kichwa, vimepanga foleni vizuri kuliko watu wa kituo cha daladala. Nyuma ya 3b kuna doa lingine kwenye eneo 1, eneo la jirani la mguso, ndio kile mtafiti wa ubongo Jon Kaas na wenzake walichokionyesha kwa elektrodi (vile visindano vya kusoma umeme wa neva) mwaka 1979, kwamba mwili umechorwa zaidi ya mara moja pale.

Nikamkimbilia profesa na ugunduzi wangu wa kucha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua makala ya zamani, akaniwekea kidole kwenye sehemu ya mbinu. Vijiti kwenye kucha, udongo wa kuchezea, kila kitu. "Hii sehemu huwa unairuka?" Huwa nairuka. Nilikuwa nairuka.

Risiti ya gundi mhasibu aliirudisha mara mbili, ya kwanza akaandika "vipodozi havilipwi". Ya pili nikaambatanisha picha ya ubongo.