Kumbukumbu ya mradi: kufuli njiani, alama ndani ya wimbo

Mradi huu ni wa kulinda nyimbo zisivuje: kuzisimba (kuzifunga kwa ufunguo wa siri) zinaposafiri mtandaoni, na kutia ndani ya kila nakala alama inayoonyesha ilipewa nani.

Lubumbashi, hatua ya 1: kusimba

Masta, yaani rekodi asili iliyokamilika, ni faili la WAV la biti 24, kHz 48, na haitoki kwenye diski. Nakala ya kusikilizwa mtandaoni inakatwa kwa ffmpeg (programu ya kubadilisha sauti na video) kuwa vipande vya sekunde 10, sauti iliyobanwa ya AAC ya kilobiti 128 kwa sekunde, kila kipande kikisimbwa kwa mbinu ya AES-128. Wimbo wa dakika 4 unatoa vipande 24, jumla karibu megabaiti 4. Kwa msikilizaji wa Katuba, komini (mtaa wa utawala) ya hapa Lubumbashi, anayenunua mega kidogokidogo, uzito huo unabebeka.

Ufunguo ni baiti 16 kamili:

openssl rand 16 > ufunguo.key

Usiongeze -hex. Ukiiongeza, faili linajaa herufi 32 badala ya baiti 16 ghafi, na wimbo haufunguki kwenye simu. Faili la maelezo linaloambatana na chaguo la ffmpeg -hls_key_info_file lina mistari miwili ya lazima: anwani ambako simu itauomba ufunguo, kisha mahali ulipo kwenye kompyuta. Anwani ianze na https, maana ukurasa wa https hukataa kuvuta ufunguo kwa http.

Hatua ya 2: kulinda ufunguo

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanasimba vizuri, halafu wanauacha ufunguo kabrasha moja na vipande. Mtu mwenye anwani ya orodha ya vipande anashusha na kufungua kila kitu kwa mstari mmoja wa ffmpeg ileile. Kwa hiyo seva inadai tokeni kwanza, yaani kibali cha muda mfupi. Muda wa tokeni ulikuwa sekunde 60. Mtandao ukizubaa, orodha inafika, ombi la ufunguo linachelewa, seva inajibu 403 (umekataliwa) na wimbo unakaa kimya bila maelezo. Sasa ni sekunde 600.

Bado hii si DRM kamili, yaani mfumo wa kudhibiti matumizi ya kazi za kidijitali. Ufunguo unafika wazi ndani ya kivinjari, ilhali Widevine ya Google na FairPlay ya Apple huuficha na kuhitaji seva ya leseni. Hata hizo hazizuii waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kinasa sauti.

Hatua ya 3: alama

Na nyimbo hapa zinatembea kwa kadi memori na Bluetooth kuliko kwa kivinjari. Faili likishaingia kwenye kompyuta ya kibanda cha Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi), kufuli limekwisha kazi. Ndiyo maana nguvu nyingi zimehamia kwenye alama: kila DJ au mtangazaji anapewa nakala yake kabla wimbo haujatoka.

Wimbo unagawanywa sehemu 9. Ya kwanza haiguswi, ni kipimo. Kila moja ya 8 zinazobaki ama inaachwa ilivyo (0) au inashushwa desibeli 0.4 (1). Sikio halishtuki. Hapo kuna michanganyiko 256. Sufuri tupu haitumiki kwa sababu inafanana na masta, hivyo zinabaki nakala 255. Mabadiliko yawekwe juu ya pigo la besi, yakiteremka kwa milisekunde 20, la sivyo inasikika "tik".

Kusoma alama: linganisha nakala iliyovuja na masta, pima wastani wa nguvu wa kila sehemu, kisha utoe tofauti ya sehemu ya kwanza. Hata mtu akipandisha sauti ya wimbo mzima, uhusiano kati ya sehemu unabaki.

Kinachoiua ni kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kurekodi kutoka redioni kunasawazisha sehemu zote, na limita (kizuizi cha kilele cha sauti) ikiwekwa baada ya alama inafanya vilevile. Alama iwe kazi ya mwisho kabisa, baada ya masta kukamilika.

Daftari lina safu tatu: namba ya nakala, aliyepokea, na SHA-256 ya faili (mfuatano wa herufi unaolitambulisha faili hilo). Kazi inayofuata ni kuweka ISRC ya kila wimbo (namba ya kimataifa ya kutambua rekodi, herufi na tarakimu 12 kwa jumla) kwenye tagi za MP3. Kisha kupima kama desibeli 0.4 zinasomeka bado kwenye MP3 ya kilobiti 64.