Viini Sita, Kioo Cheusi

Mwaka 2019 Taifa Stars ilirudi AFCON baada ya miaka 39, na mimi nikachagua Juni hiyohiyo kuunda kompyuta ya sebuleni. Nilitaka mashine moja ya kuchezea gemu na kuangalizia filamu kwenye televisheni ya mzee. Pesa ya vibarua nilikuwa nayo, na ujuzi wote nilikuwa nimeutoa YouTube, usiku nikikesha.

Pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, muuza duka anayefuata mzigo Dubai alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kadi ya picha unayo?"

Nikamwambia nitanunua mwezi ujao.

"Basi chukua prosesa ya 2400G, kaka. Picha zimo humohumo ndani. Kadi utaongeza ukijaliwa."

Nikamwona anataka kunibambikia mzigo uliomdodea. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na viini ndivyo vinavyofanya kazi ndani yake: Ryzen 5 2400G ina vinne, ndugu yake 2600 ina sita, na bei hazikupishana sana. Nani anaacha sita achukue vinne? Tena kwenye mazabodi ya B450, ule ubao unaobeba prosesa na vingine vyote, nilishaliona kwa macho yangu tundu la HDMI, la waya wa kwenda kwenye televisheni. Nikalipia 2600, ramu moja ya kumbukumbu, GB 16, SSD ya kuhifadhia na kasha lenye kioo ubavuni (hicho kioo, nakiri, ndicho kilichonipa furaha kuliko vyote). Kwenye pawa saplai tu ndipo alipokataa katakata. Ile ya bei chee aliinyang'anya mkononi mwangu, akanipa nyingine niisikilizie uzito. "Umeme wa mitaani kwetu unaujua mwenyewe. Hapa usinibishie."

Jumapili tarehe 23 nikatandika mkeka sebuleni, nikaanza kufunga. Jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Tundu moja la HDMI la televisheni lilishakufa siku nyingi, kwa hiyo nikachomoa waya wa king'amuzi, nikachomeka wangu. Feni zikazunguka, taa nyekundu zikawaka, mdogo wangu akapiga makofi. Kioo cheusi. Nikachomoa ramu, nikairudisha. Cheusi. Nikaihamishia tundu jingine. Cheusi vilevile.

Mzee akarudi kutoka swala ya Magharibi, akasimama mlangoni.

"Basi la mkoani limewasha taa zote, ila haliendi," akasema. "Haya, rudisha waya wangu. Vijana wanacheza na Senegal."

Tulifungwa 2-0, kipa wetu Manula akipangua mpaka ukamwonea huruma. Wakati wa mapumziko nilijibanza pembeni na kile kijitabu cha mazabodi, na ndani yake, kwa herufi za sisimizi, nikasoma kwamba tundu la HDMI hufanya kazi pale tu prosesa inapokuwa na picha zake yenyewe. 2600 haina. Kijitabu nikakirudisha kwenye boksi, wala sikumwambia mtu.

Jumatatu muuza duka aliikagua miguu ya prosesa kwa tochi ya simu, mmoja mmoja, kuona kama nimeupinda wowote. Akaifuta ile dawa ya kijivu ya kupitishia joto. Hakusema "nilikwambia", na afadhali angesema. Akanikata elfu ishirini, akanipa 2400G, kisha akaidai na ile ramu ya GB 16, akaweka mezani mbili za GB 8. Picha za 2400G, alinieleza, hazina ramu yake, zinachota ya mashine. Ukiiwekea moja unaibana koo, mbili zinachota kwa pamoja. Safari hii nilifunga mdomo.

Jumanne mashine iliwaka. Nilipata dakika chache tu za kuitazama, kwa sababu wiki ile waya ulikuwa mali ya mzee. Alhamisi usiku sana tukacheza na Kenya. Tuliongoza mara mbili, tukafungwa 3-2. Mzee akazima king'amuzi, akaenda kulala bila hata kuaga.

Mdogo wangu, niliyedhani amelala zamani kwenye kochi, akafungua jicho moja.

"Kaka, tuchomeke?"