Vijistari Vinne

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye ile kazi, kazi ya muda ya kuandika kumbukumbu za vikao vya baraza la madiwani kwenye mji mmoja mdogo, mji wenyewe sitautaja maana wahusika bado wapo na wananijua. Madiwani 9, meya akiwa mmoja wao, ukumbi mmoja wenye viti vya plastiki huko nyuma kwa ajili ya wananchi, feni moja inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, na mimi pembeni ya karani wa baraza nikiwa na laptop na daftari, vyote viwili, kwa sababu bosi wangu yule mama alikuwa haamini kabisa laptop. Alikuwa anasema ikizima saa ya kura utamwambia nani anyooshe mkono tena?

Kabla sijaingia pale nilidhani baraza ni sehemu ya kurushiana maneno kama tunavyoona kwenye tivi. Kumbe ni makaratasi. Kabrasha la kikao kimoja lilikuwa nene kama kamusi, na kazi yangu ya kwanza kila mwezi ilikuwa kuhakikisha limemfikia kila diwani siku 7 kabla, halafu siku ya kikao unakuta nusu yao ndo wanalifungua pale pale mezani huku meya anasoma agenda. Na agenda zenyewe hazibadiliki sana: kufungua kikao, kuhesabu akidi (yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili baraza liweze kuamua), kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, wananchi wenye la kusema dakika 3 kila mmoja, taarifa za kamati, sheria ndogo, zabuni, mengineyo, kufunga. Mwezi ujao hivyo hivyo.

Kitu kilichonishangaza zaidi mwanzoni ni kile kifurushi. Mambo yote ya kawaida, orodha ya malipo ya mwezi, taarifa ya mapato, kibali cha kufunga barabara siku ya mbio za wanafunzi, kumteua mjumbe wa bodi ya maktaba, yalikuwa yanafungwa pamoja yanapigiwa kura moja. Diwani yeyote akitaka anachomoa kimoja kijadiliwe peke yake, asipochomoa mtu basi mmoja anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, mikono juu, imepita, na hapo mji mzima umeshalipa bili zake kwa muda mfupi kuliko wa kuvua koti. Mwanzoni niliona ni uhuni. Baadae nikaja kuelewa kwamba bila hivyo kikao kisingeisha, maana kazi ilikuwa imeshafanyika kwenye kamati, pale barazani wanaigonga muhuri tu. Ila pia nilielewa kwamba ukitaka kuficha kitu, kifurushi ndo mahali pake. Yote mawili ni kweli.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja. Anakaa kiti kile kile kila mwezi, safu ya tatu karibu na mlango, ana daftari la shule la mistari na peni imefungwa na uzi asiipoteze. Shida yake ilikuwa mtaro. Mtaro wa mtaani kwake ulikuwa umezibwa na kifusi cha ujenzi, mvua ikinyesha maji yanakosa njia yanaingia kwenye nyumba za watu, kwake ikiwemo. Mara ya kwanza nilipomsikia aliongea dakika 3 zake, meya akasema asante bibi, tumepokea, na ikaishia hapo, na mimi nikaona yule bibi kapuuzwa mbele ya macho yangu. Bosi wangu akanieleza njiani kwamba baraza haliruhusiwi kuamua jambo ambalo halimo kwenye agenda, kwa sababu yule jirani mwenye kifusi naye ana haki ya kujua kwamba leo anajadiliwa. Kwahiyo "tumepokea" siyo lazima iwe dharau. Mara nyingine ni dharau lakini siyo lazima.

Basi mtaro ukaanza safari na mimi nikawa nauandika kila unapofika. Ukaenda kamati ya ujenzi. Kamati ikamtuma injinia akaangalie. Injinia akaangalia, akaleta makadirio, makadirio yakarudi kamati, kamati ikapendekeza, watu wa manunuzi wakaita wazabuni, wakaja 3, wakachambuliwa, na mapendekezo yakaingia kwenye kabrasha kama agenda namba 11. Hiyo yote ni miezi, kwa mtaro ambao mtu mwenye koleo na wiki mbili angeumaliza. Bibi hakukosa kikao hata kimoja, na kila mara anaandika.

Jioni ya agenda namba 11 walikuja madiwani 6, wengine 3 walishatoa udhuru. Akidi yetu ilikuwa 5. Nayasema haya mapema maana ndo kisa chenyewe.

Tulianza vizuri. Kifurushi kikapita chini ya dakika moja, sheria ndogo ya maegesho ikasomwa mara ya kwanza kichwa chake tu, isomwe tena mwezi ujao ili mwenye pingamizi apate muda wa kuja kupinga. Halafu tukafika agenda namba 9, kuhamisha benchi. Benchi moja la zege, lililokuwa mbele ya maktaba, lisogezwe upande wa pili wa njia kwenye kivuli. Jamani. Nilidhani ni dakika 2. Diwani mmoja akauliza kivuli cha saa ngapi, maana asubuhi kivuli kiko upande huu. Mwingine akasema likisogezwa vijana watalala pale. Mwingine akakumbuka kwamba lile benchi alisimamia yeye mwenyewe likawekwa enzi zake za mwanzo na hakuna aliyemshirikisha. Mtu akapendekeza yawe mabenchi mawili, mwingine akauliza fedha kifungu gani, mkurugenzi akaanza kupekua, meya akajaribu kufunga mjadala ukajifungua tena wenyewe. Saa nzima na zaidi kidogo! Miaka mingi baadae nikasoma kwamba kuna mwanahistoria Mwingereza, Parkinson, alishaeleza kitu hiki mwaka 1957, kuhusu kamati inayopitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika 2 na nusu halafu inakaa dakika 45 kubishania banda la baiskeli, kwa sababu nyuklia hakuna anayeielewa ila banda kila mtu analo lake kichwani. Nilicheka peke yangu. Benchi letu liliahirishwa, kama unataka kujua.

Tulipofika namba 11 watu wamechoka, meya anaangalia saa, feni inalia. Diwani mmoja akasimama akatangaza kwamba ana maslahi, shemeji yake ni mmoja wa wenye kampuni iliyoomba ile zabuni, na kwa kanuni zetu anatoka ukumbini mpaka agenda iishe na hahesabiwi. Akatoka. Alifanya sawa kabisa yule, sina neno naye. Wakabaki 5. Injinia akaeleza kidogo, hakuna swali, na hapo simu ya diwani mwingine ikaanza kutetemeka mezani, akaiangalia, akainuka akatoka koridoni ameinama vile mtu anavyopita mbele ya watu wanaoangalia mpira. Meya macho yako kwenye karatasi. Kuna hoja? Ipo. Inaungwa mkono? Inaungwa. Wanaoafiki? Mikono ikanyooka. Imepita. Nyundo, tap.

Bosi wangu alikuwa kanifundisha kitu kimoja wiki yangu ya kwanza, kwamba usiandike "kwa kauli moja" mpaka umehesabu vichwa. Nikahesabu. Vinne. Nikahesabu tena nikijumlisha meya, vinne na meya ndani. Yeye bosi muda ule alikuwa amegeukia upande wa pili anamtafutia mkurugenzi kiambatisho, hakuona kitu. Nikageuka nyuma nikamwona bibi anafunga daftari lake taratibu, ametulia. Nikaandika pembeni ya ukurasa: katoka 2:41, kura 2:44. Diwani wa simu akarudi 2:46. Na nikakaa kimya.

Mpaka leo nikiulizwa kwanini sikusema sina jibu moja. Kuna woga, mi nani wa kumsimamisha meya. Kuna uchovu. Na kuna bibi, nilijua nikisema tu ule mtaro unaweza kuahirishwa kama benchi, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Usiku nikakaa kuandika. Niliandika "Baraza liliridhia kwa kauli moja", nikaiangalia ile sentensi, haikuwa na uongo wa wazi wazi, wote waliokuwepo walikubali kweli. Nikaifuta. Nikaandika tena. Nikaifuta. Watu wanadhani kumbukumbu za kikao ni kitu kikavu, lakini mi usiku ule nilitoka jasho kwa maneno 5.

Asubuhi nikampelekea bosi daftari, siyo laptop, nikamwonyesha ule ukingo wa ukurasa. Akavua miwani.

"Katoka saa ngapi?"

"2:41, mama."

"Kura?"

"2:44."

"Karudi?"

"2:46."

Akanyamaza kidogo, akanyanyua simu akampigia mkurugenzi, barua ya kumpa mzabuni kazi ilikuwa bado haijasainiwa, ikazuiwa. Maana bila akidi hakuna uamuzi, hata kama kila mtu duniani anaupenda ule uamuzi, na mzabuni aliyekosa akija kugundua anakwenda kulalamika na anashinda, na mkaguzi wa hesabu akija anakuta malipo yamesimama hewani. Nilikuwa nasubiri aniambie nimefanya vizuri. Akaniambia hivi: "Ungeninong'oneza jana pale pale ningemwambia Mheshimiwa Meya asubiri dakika 2. Mtu mwenyewe alikuwa koridoni hapo. Sasa umetugharimu mwezi." Akavaa miwani akaendelea na kazi.

Kikao cha dharura kingewezekana, niliuliza. Ila kina notisi yake, meya alikuwa anasafiri, na kusema kweli mtaro wa mtaa mmoja ulikuwa dharura kwa wakazi wa ule mtaa tu. Mvua kubwa zikaja mara mbili ndani ya ule mwezi. Ya pili ilikuwa Jumamosi, nikapita makusudi kule nikiwa na mwavuli, sikushuka mpaka nyumba za chini, nilisimama kona nikaona watu wanachota maji ndani kwa ndoo wanamwaga nje, na maji yanarudi. Sikumtafuta bibi. Niligeuza nikarudi nilikotoka.

Kikao kilichofuata walikuja 8. Kwenye kuthibitisha kumbukumbu ile aya yangu ilisomwa kama ilivyo, kwamba wakati wa kura wajumbe waliokuwa ukumbini ni 4 na hivyo akidi haikutimia, diwani wa simu akaniangalia jicho ambalo sijalisahau, meya akakohoa akasema isahihishwe popote kama kuna makosa, hapakuwa na makosa, zikathibitishwa. Yatokanayo, namba ya kwanza, mtaro. Yule mwenye shemeji akatoka. Wakabaki 7, mimi nimeshawahesabu mara tatu mpaka bosi akanigusa mkono nitulie. Hoja, kuunga, mikono, imepita. Haikufika hata nusu dakika.

Kikao kilipoisha nikamfuata bibi kabla hajatoka, nikamwamkia, nikamwambia bibi nina jambo la kukuambia, ule mwezi wote uliochelewa ni kwa sababu yangu, mi ndo niliyeandika. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kutukanwa.

Akakaa tena kwenye kiti chake, akafungua daftari, akarudisha kurasa mpaka mwezi uliopita akaniwekea kidole. Kulikuwa na tarehe, chini yake "11 mtaro", na chini yake vijistari vinne vya peni, vimesimama vimeachana achana, vile vya mtu anayehesabu taratibu.

"Na mie niliwahesabu, mjukuu wangu," akasema. "Nikanyamaza."

Akalifunga, akalitia kwenye mfuko, halafu akaniuliza taa ya barabarani ikifa ni kamati ile ile ya ujenzi au ni nyingine.